Jinsi ya Kuishi na Mhusika Uliyemuumba

Kabla ya kuandika sura ya kwanza, mpe mhusika wako jambo moja analolitaka kwa moyo wote na jambo jingine analolificha hata kwa mama yake, kisha mketishe mahali unapopajua vyema, kwa mfano barazani wakati wa magharibi, umtazame anavyoshika kikombe cha kahawa pale mgeni anapotaja jina asilopenda kulisikia. Kikombe kikitetemeka, andika kikombe. Usiandike kwamba ameogopa.

Akikataa kutenda ulichompangia, usimlazimishe. Rudi nyuma kurasa chache, kwa kuwa mara nyingi kosa limo katika mpango wako.

Lililo gumu zaidi, kwa maoni yangu, ni kumpenda bila kumkinga: mwache akosee, aaibike, apate hasara ya kweli. Wala usimuue kwa sababu tu umemchoka. Mwandishi Arthur Conan Doyle alimuua mhusika wake mpelelezi, Sherlock Holmes, mwaka 1893, akiamini kwamba mpelelezi huyo alimzuia kuandika kazi nzito zaidi, lakini mwaka 1903 alimrudisha akiwa hai. Ukimchoka wako, mweke kando miezi kadhaa, uandike habari za jirani yake.