Jinsi ya kuomba nafasi ya chuo cha ufundi na mkopo wa HELB bila kukwama kwenye jina

Kabla hujafungua tovuti ya KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, kabla hujalipa hata shilingi moja, weka mezani cheti cha kuzaliwa, matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, na kitambulisho kama umeshakipata. Soma jina lako kwenye kila karatasi herufi kwa herufi. Mtu mwingine ashike karatasi ya pili, wewe usome kwa sauti, yeye afuatilie kwa kidole. Matangazo ya chuo yatakuambia tarehe ya kuripoti, picha ngapi za pasipoti na ovaroli ya rangi gani. Hayatakuambia kwamba herufi mbili zilizopishana zinaweza kukunyima mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, muhula mzima, na hilo ndilo lililonifanya niandike.

Mdogo wangu alimaliza kidato cha nne hapa Kisumu na alama ya C-, akapata nafasi ya stashahada ya uhandisi wa umeme. Nyumbani tulishangilia. Cheti chake cha kuzaliwa kinasema Awuor. Matokeo ya KCSE yanasema Awour. Kuna aliyepiga chapa haraka siku ya usajili wa mtihani, na miaka yote ya shule hakuna aliyeona, kwa sababu ukisoma haraka macho yanaona neno lile lile. Afisa wa udahili ndiye aliyeona. Aliweka karatasi mbili sambamba, akapitisha ncha ya kalamu chini ya jina, akasimama katikati.

“Mama, huyu na huyu ni mtu mmoja?”

“Ni mtoto wangu, afisa. Ni herufi mbili tu zimepishana.”

“Nakuelewa, mama. Lakini mashine haitaelewa. Leteni kiapo.”

Alisema kweli, na alikuwa mpole kuliko wengi tuliokutana nao baadaye. Kitambulisho cha taifa hufuata cheti cha kuzaliwa. PIN ya KRA, yaani nambari ya mlipa kodi, huchukua jina kutoka kwa kitambulisho. Akaunti ya benki na laini ya M-Pesa husajiliwa kwa kitambulisho hicho hicho. Matokeo ya KCSE nayo yana njia yake tofauti: jina lilitoka shuleni likaenda baraza la mitihani. Kwa hiyo mwanafunzi anafika kwenye ombi la mkopo akiwa na majina kutoka pande mbili, na hapo ndipo pande hizo zinakutana kwa mara ya kwanza. Huku kwetu Nyanza na Magharibi shida hii ni kubwa zaidi, kwa kuwa majina yetu huandikwa kwa sikio la karani. Kuna Nasimiyu na Nasimiu, Atieno na Atiano, Wafula aliyepoteza a ya mwisho. Wengine wana jina la baba kwenye karatasi moja na la babu kwenye nyingine.

Ukikuta tofauti, angalia kwanza ni ya aina gani, kwa sababu dawa si moja na hapa ndipo watu wanapotozwa pesa bure. Kama ni tahajia, au mpangilio wa majina, au jina moja limeachwa, unachohitaji kwa chuo ni hati ya kiapo inayosema kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Unaapa mbele ya kamishna wa viapo, na mawakili wengi ni makamishna wa viapo. Unaweza pia kwenda mahakama ya hakimu iliyo karibu nawe. Andika majina yote mawili kama yalivyo, herufi kwa herufi, na uambatishe nakala za karatasi zenyewe. Usimkubalie mtu akuandalie hati ya kubadilisha jina, ile inayosajiliwa na kutangazwa kwenye Gazeti Rasmi, kama hubadilishi jina. Sisi tuliambiwa na kijana wa saiba, duka la intaneti, kwamba ndiyo inayotakiwa, mama akalipa amana ya kuianzisha, na pesa hiyo haikurudi. Hati ile ni ya mtu anayeacha jina moja na kuchukua jingine.

Kiapo kinaeleza tofauti, hakiifuti. Kama kosa liko kwenye cheti cha kuzaliwa, lirekebishe kwa msajili wa vizazi na vifo kabla ya kuomba kitambulisho, kwa sababu kitambulisho kikishatoka na kosa, PIN na benki zitalibeba. Kama kosa liko kwenye matokeo ya KCSE, anza kwa mwalimu mkuu wa shule uliyofanyia mtihani, maana shule ndiyo iliyokusajili na barua yake ndiyo itakayosikilizwa na KNEC, baraza la mitihani. Nenda mapema, cheti chenyewe kikiwa bado hakijachapishwa, karatasi ya matokeo tu ikiwa mkononi. Na ukichapisha kiapo, piga nakala nyingi zilizothibitishwa. Chuo kitachukua moja, benki moja, ofisi ya mikopo moja, na kila mtu atataka yenye muhuri.

Sasa KUCCPS, ambayo haina ugumu mkubwa. Unaingia students.kuccps.net kwa nambari yako ya mtihani wa KCSE, mwaka wa mtihani, na neno la siri la kuanzia, ambalo ni nambari ya cheti cha kuzaliwa au ya mtihani wa KCPE, ule wa darasa la nane. Libadilishe siku hiyo hiyo, na usiliache kwenye kompyuta ya saiba. Stashahada inataka C-, cheti cha ufundi kinataka D, na aliyepata D- au E anazo kozi za artisan, yaani za fundi. Kwenye mtaala mpya utaona viwango badala ya majina hayo: kiwango cha 6 ni stashahada, cha 5 ni cheti, cha 4 ni artisan. Kozi nyingine zina masharti ya somo, kwa hiyo soma masharti ya kozi yenyewe, si ya ngazi tu. Malipo huenda kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa huduma na malipo mtandaoni, Paybill 222222. Hakuna afisa wa kweli atakayekuomba utume kwa nambari yake ya simu.

Kuhusu chuo cha kuchagua, nitasema jambo moja kwa moyo wote. Chagua ukijua utalala wapi. Mtoto wa Shinyalu anaweza kusoma chuo cha Sigalagala, hapo hapo Kakamega, na kurudi nyumbani jioni. Mtoto wa Budalang'i, Busia, akipata nafasi huko huko anahitaji chumba, jiko na nauli za wikendi. Bumbe iko Busia, Shamberere iko Kakamega, Kisumu kuna National Polytechnic, na kozi nyingi zinafanana. Nimeona vijana wakiacha masomo kwa kodi ya nyumba, si kwa karo. Na kama familia inategemea msaada wa serikali, pitia KUCCPS badala ya kujiandikisha moja kwa moja katika chuo cha kibinafsi. Mpango wa ufadhili uliozinduliwa Mei 2023 unawahusu waliopangiwa nafasi katika taasisi za umma.

Ukishapata nafasi, pakua barua ya udahili kutoka kwa chuo chenyewe na uisome yote. Ina nambari ya udahili, na bila hiyo ombi la mkopo halikamiliki.

Ombi la ufadhili na mkopo hufanywa pamoja kwenye hef.co.ke. Andaa kitambulisho, PIN ya KRA, laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, akaunti ya benki kwa jina lako, nambari za vitambulisho vya wazazi na wadhamini. Mzazi akiwa amefariki, uwe na cheti cha kifo. Wengi hawajawahi kukichukua, wana kibali cha mazishi tu, na hicho hakitoshi. Kaeni na wazazi mnapojaza maswali ya hali ya familia: mapato, ndugu walio shuleni, nani anawalipia, mliishi wapi. Majibu hayo ndiyo yanayopima kiasi utakachopewa. Msimwachie kijana wa saiba ajaze kwa kukisia, kwa sababu hamjui atamwandika baba kuwa nani.

Laini ya simu inahitaji uangalifu wa pekee. Wanafunzi wengi hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mama au la shangazi. Ujumbe wa kuthibitisha utafika, lakini jina la mwenye laini si la mwombaji, na pesa za matumizi zinaweza kukwama hapo. Sajili laini yako mara tu kitambulisho kinapotoka. Sehemu ya karo hutumwa moja kwa moja chuoni. Ya matumizi ndiyo inayokuja kwako. Na muelewe nyumbani kwamba mkopo ni deni lenye riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na kwamba huombwa upya kila mwaka. Mwaka wa pili hauji wenyewe.

Mdogo wangu alipata pesa zake baada ya muhula wa kwanza kupita. Muhula ule mama alikopa kwenye chama cha akiba ili aruhusiwe kukaa mtihani, na ofisi ya fedha ya chuo chake ilikuwa ikimfukuza darasani huku ombi lake likiwa bado linakaguliwa. Ikikupata hali kama hiyo, chapisha ukurasa unaoonyesha hali ya ombi lako, nenda kwa msimamizi wa wanafunzi badala ya dirisha la karo, na uombe barua ya kukuruhusu kulipa kwa awamu. Vyuo vingi vina utaratibu huo ingawa haubandikwi. Wakati huo huo chukua fomu ya basari ya NG-CDF, mfuko wa eneo bunge, na ile ya kaunti. Zote mbili zinataka saini ya chifu na muhuri wa chuo, kwa hiyo pitisha kwa chifu kabla hujatoka nyumbani. Ukishafika chuoni, kurudi kwa saini moja ni nauli nzima.

Ukiripoti, jua ubao wa matangazo wa idara yako uko wapi na uupitie kila Jumatatu. Vikundi vya WhatsApp husaidia, lakini huko pia ndiko zinakosambaa picha za matangazo ya uongo zenye nambari za kulipia. Tangazo la kweli lina muhuri, saini na tarehe, na ofisi iliyolitoa inaweza kukuthibitishia ana kwa ana. Lipige picha likiwa limekamilika, tarehe ionekane, kwa sababu mengine hubandikwa asubuhi na jioni yamefunikwa na jingine.

Tangazo la kutolikosa ni orodha ya usajili wa mtihani. Jina litakalokuwa pale ndilo litakalochapishwa kwenye cheti chako. Lisome herufi kwa herufi kabla ya kutia saini. Ukiona kosa, peleka nakala ya kiapo na ya kitambulisho kwa ofisi ya mitihani kabla ya tarehe ya mwisho, omba nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa, kisha rudi uangalie orodha iliyorekebishwa ikibandikwa.