SOMO: Kuchagua na kutunza webmail kwenye seva yako mwenyewe

Wakuu wa Mwanza na visiwani, tuanze na jambo linalochanganya wengi: webmail haihifadhi barua. Barua zinakaa Dovecot (programu ya kuhifadhi na kusomesha barua) na kutumwa na Postfix (programu ya kutuma na kupokea). Webmail inakuonyesha tu kwenye kivinjari. Hivyo hakikisha barua zinaingia na kutoka kwanza.

Kuchagua: angalia tarehe ya toleo la mwisho kabla ya kuangalia sura. RainLoop, webmail ya zamani, bado ipo kwenye seva nyingi na haitunzwi tena, iondoe. SnappyMail imetokana nayo, ni nyepesi, haihitaji hifadhidata, na inatosha duka la nyavu pale Kirumba lenye visanduku vitano. Ofisi ya watu wengi iweke Roundcube, webmail inayotumia hifadhidata.

Hatua za Roundcube 1.6:

1. Elekeza Nginx (seva ya wavuti) kwenye folda ya `public_html`, si folda kuu. Nginx haisomi `.htaccess` (faili la kuzuia watu wa nje kwenye folda), kwa hiyo ukikosea hapa, mtu wa nje anaweza kusoma logi zako.
2. Ndani ya `config.inc.php`, `imap_host` (seva ya kusoma barua) iwe `ssl://` na poti 993. Nayo `smtp_host` (seva ya kutuma) iwe `tls://` na poti 587.
3. `des_key`: herufi 24 za kubahatisha. Usiache ile ya mfano, maana ndiyo inayoficha manenosiri ya walioingia.
4. Futa folda ya `installer`.
5. Weka `bin/cleandb.sh` kwenye cron (ratiba ya kazi za seva), kila siku.

Kusasisha ndiko kunakosahaulika, na ndiko kwenye hatari. Juni 2025 yalitolewa matoleo 1.6.11 na 1.5.10 kuziba tundu lililomwezesha mtu mwenye nenosiri la sanduku moja tu kuendesha amri kwenye seva. Mhasibu mmoja akiibiwa nenosiri, seva nzima imekwenda. Chukua bekapu ya hifadhidata kwa `mysqldump`, nakili folda ya `config`, fungua toleo jipya pembeni, kisha endesha `bin/installto.sh` ukitaja folda ya zamani. Usibandike mafaili mapya juu ya ya zamani kwa mkono. Hifadhidata itabaki na muundo wa zamani.

MASWALI

*Mkuu, picha za samaki za MB 4 zinagoma kupanda.*
Kuna mageti matatu, na lililo dogo ndilo linalozuia. Usipobadilisha kitu, Nginx huruhusu MB 1 (`client_max_body_size`), PHP (lugha inayoendesha Roundcube) MB 2 (`upload_max_filesize`), Postfix kama MB 10. Kiambatisho huongezeka karibu theluthi moja kikifungwa kwa kutumwa. Ukitaka MB 15 zipite, ipe Postfix MB 25.

*Seva iko ofisini Sengerema. Umeme ukikatika usiku kucha, barua zinapotea?*
Hapana. Seva ya mtumaji hurudia kujaribu; Postfix hufanya hivyo hadi siku 5. UPS ni ya kulinda hifadhidata isizimike ghafla.

*Mmoja akikosea nenosiri, ofisi nzima inafungiwa. Webmail iko seva ya peke yake.*
Dovecot inaona IP ya webmail tu, basi fail2ban (programu inayofungia IP zinazokosea nenosiri mara nyingi) inaifungia hiyo, na wote wanabaki nje. Weka IP ya webmail kwenye `ignoreip` (orodha ya IP zisizofungiwa) ya fail2ban kwenye seva ya Dovecot. Kisha, kwenye seva ya webmail, washa `log_logins` na fail2ban isome logi ya Roundcube, yenye IP ya mtumiaji mwenyewe. Kama ofisi nzima inatoka kwa IP moja ya intaneti, nayo iongeze kwenye `ignoreip`.