Schipperke: jinsi ya kumkagua kabla hujatoa pesa

Schipperke ni mbwa mweusi wa Ubelgiji, wa pande za Brussels na Leuven. Uzito wake ni kilo 3 hadi 9, na wengi huwa kati ya kilo 4 na 7. Kwa udogo huo watu humdhania mbwa wa kupakatwa, kumbe ukoo wake ni wa mbwa wa wachungaji. Kazi iliyompa umaarufu ni kulinda maduka, mazizi ya farasi na matishari ya mizigo kwenye mifereji, na kuua panya humo humo. Basi mkague kama unavyomkagua mlinzi.

Anza na karatasi, tena kabla hujaonyeshwa mtoto wa mbwa, maana ukishambeba mikononi hutasoma tena. Karatasi ya kwanza kudai ni kipimo cha jeni cha ugonjwa uitwao MPS IIIB. Mbwa mwenye ugonjwa huu anakosa kimeng'enya kimoja cha kuvunjavunja aina fulani ya sukari mwilini. Sukari hiyo hurundikana ndani ya seli, na ubongo ndio unaoumia zaidi. Ubaya wake ni kuchelewa: mbwa hukua vizuri kabisa, kisha akifika miaka 2 hadi 4 anaanza kutetemeka, kuyumba, kukanyaga kwa miguu iliyotanuka na kushindwa kupanda ngazi. Hauna tiba. Kwa hiyo afya ya mtoto wa wiki 8 anayerukaruka mbele yako haithibitishi chochote kuhusu ugonjwa huu.

Majibu ya kipimo huwa matatu: salama, mbebaji, mgonjwa. Mbebaji, yaani mwenye nakala moja tu ya jeni mbovu, haumwi ugonjwa huu maisha yake yote. Wabebaji wawili wakipandishwa, kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa mgonjwa; mbebaji akipandishwa na aliye salama, hakuna mtoto atakayeugua, ingawa baadhi watakuwa wabebaji. Mzazi mmoja mbebaji si sababu ya kukimbia, mradi mwenzake ana karatasi ya usalama. Muuzaji akisema "wazazi wamepimwa" bila kuonyesha chochote, hajakuambia kitu.

Sasa mwache mtoto atembee sakafu isiyoteleza, nawe utazame miguu ya nyuma. Akiwa anaruka hatua mbili tatu kwa mguu mmoja kisha anaendelea kama kawaida, shuku goti: pia ya goti inachomoka kwenye mfereji wake na kurudi. Madaktari huipa hali hiyo daraja la 1 hadi la 4. La 1 huangaliwa tu na kuzuia unene, la 3 na la 4 mara nyingi huishia kwenye upasuaji. Nyonga ni hadithi nyingine. Damu ikipungua kwenye kichwa cha mfupa wa paja, mfupa hufa na kumomonyoka. Dalili huanza mbwa akiwa na miezi 4 hadi 12, akichechemea na paja likikonda. Ni picha ya eksirei inayotoa jibu, si kubonyezabonyeza. Uzuri wa mbwa mwepesi ni kwamba hata kichwa hicho kikikatwa, wengi hurudi kutembea vizuri. Uliza pia kuhusu kifafa na ugonjwa wa thairodi, tezi ya shingoni, katika ukoo.

Umbo lake halichanganyiki na la mbwa mwingine. Urefu wa mwili unakaribia kulingana na kimo, hivyo anaonekana mraba. Kichwa kama cha mbweha, masikio madogo ya pembetatu yaliyosimama, macho ya kahawia iliyokolea yasiyotokeza. Manyoya ni mafupi usoni, marefu shingoni kama manyoya ya simba, na nyuma ya mapaja kama suruali pana. Mtoto bado hana hayo, na masikio yake huweza kulala tena meno yanapobadilika, kwa hiyo usimkatae kwa hilo. Alama nyeupe ni kasoro. Wekundu kidogo wa manyoya mara nyingi ni jua au kupukutika. Watoto wa uzao mmoja huweza kuzaliwa wengine na mkia mzima, wengine nusu, wengine bila. Ubelgiji imekataza kukata mkia tangu 2006, na mkia mzima si dosari.

Nyumbani, tatizo la kwanza ni kelele. Hatubishani na kubweka, ndiyo kazi yake; tunafundisha kuacha. Mwache abweke mara tatu, nenda uangalie kilichopo, sema neno moja lile lile, mpe kipande cha nyama anaponyamaza. Ukimfokea, kwake umejiunga kubweka. Mzoeshe wageni, baiskeli na watoto kabla ya wiki 14, la sivyo kila mpita njia atakuwa mwizi. Nje atembee na kamba: akiona kitu kinakimbia, jina lake halimfikii. Kuku na sungura wakae mbali.

Manyoya huficha tumbo. Kila mwezi mpime kwenye mizani, kisha pitisha vidole ubavuni: mbavu zisikike bila kukandamiza. Brashi mara moja kwa wiki yatosha, ila kila siku anapopukutika. Usimnyoe hata kwenye joto la pwani. Mtembeze alfajiri na jioni, umpe kivuli na maji.

Na kwa kuwa atakamata panya, usiweke sumu ya panya ndani ya uzio wake. Sumu nyingi huzuia damu kuganda, na dalili hutokea baada ya siku 2 hadi 5: fizi kupauka, uchovu, kuhema, michubuko. Ukijua amekula sumu au panya aliyekufa kwa sumu, usingoje dalili. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo pamoja na pakiti ya sumu, kwani dawa ya aina hiyo, vitamini K, hutolewa kwa wiki kadhaa kulingana na sumu yenyewe.