Ndege ikipata balaa, shuka mikono mitupu

Kila nikitoka Mwanza kurudi Dar naona kitu kilekile. Ndege imegusa lami, bado inakimbia, taa ya mkanda inawaka, we unasikia tu ka, ka, ka, watu wanafungua mikanda na wengine washasimama shingo imekunjwa chini ya kabati wanavuta maboksi yao ya sato. Mazoea ya daladala hayo, konda hajasema shusha mtu yupo mlangoni. Siku ya kawaida haina shida sana, labda boksi limdondokee mtu kichwani, ila mwili ndo unajifunza hapohapo, na siku ndege ikiwaka moto mwili utafanya kile ulichouzoesha: kusimama, kunyoosha mkono juu, kuvuta begi.

Mimi sio rubani wala mhudumu, ni abiria tu nasafiri sana kikazi, na nina ugonjwa wa kusoma ripoti za ajali za ndege (mke wangu hapendi kabisa, hasa nikianza kumhadithia tukiwa foleni ya kupanda). Sasa katika kusoma kwote huko nimeona kitu kimoja, watu wengi wanaamini ndege ikianguka basi, wote wamekwisha, kwa hiyo hata maelezo ya usalama hawasikilizi. Sio kweli. Ajali nyingi zinatokea uwanjani au karibu na uwanja na watu wanatoka hai, na anayetoka na asiyetoka mara nyingi wanatofautiana kwa sekunde chache.

Chukua Haneda, Tokyo, tarehe 2 Januari 2024. Airbus A350 ya Japan Airlines inatua usiku, inagongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani iliyokuwa kwenye barabara ileile ya kurukia, inawaka moto. Ndani kuna watu 379. Ile ndogo walikufa watano kati ya sita. Kwenye ile kubwa wote 379 walitoka, na ilikuwa na milango 8 lakini iliyotumika ni mitatu tu, spika za ndani hazifanyi kazi, wahudumu wanapiga kelele kwa vipaza sauti vya mkononi. Ndege yenyewe iliungua mpaka ikabaki majivu. Ukitazama picha za watu wakiteleza kushuka angalia mikono yao. Mitupu.

Sasa tuanze, na tunaanzia nyumbani kabisa, unapovaa. Viatu vya kufunga, visivyochomoka mguuni vyenyewe. Mchuchumio pendeza nao ukifika, kwenye ndege uweke begini, maana ukitakiwa kuteleza kwenye ule mtelezo wa mpira unaojaa upepo mlangoni siku ya dharura utaambiwa uvivue, vinaweza kuutoboa. Nguo za pamba ni nzuri kuliko nailoni, nailoni inayeyuka na kugandia kwenye ngozi. Na hili la muhimu kuliko yote nililobadilisha mimi: paspoti, simu, dawa na hela nimehamishia mwilini, kwenye kimkoba kidogo cha kiunoni au mfuko wa suruali wenye zipu. Kwa sababu nimejiuliza, hivi mtu anarudi kuchukua begi kwa ajili ya nini? Sio mashati. Ni paspoti na simu. Vikiwa vipo mwilini begi halina tena cha kukuita.

Ukishakaa, hesabu siti. Sio kutazama mlango uko wapi, HESABU. Weka kidole kwenye mgongo wa siti ya mbele yako, moja, mbili, tatu, mpaka mlango wa dharura wa mbele, afu geuka hesabu na za nyuma. Kwenye moshi mzito huoni hata kiganja chako, unatembea kwa kupapasa, na hesabu ya kichwani ndio macho yako. Na usikariri mlango ulioingilia tu, maana watu wote wanakimbilia huohuo. Zile ATR, ndege ndogo za pangaboi tunazopanda sana huku, abiria mnaingilia nyuma, mbele kuna sehemu ya mizigo, na milango ya dharura ya mbele ni midogo ambayo wengi hawajawahi hata kuigeuzia shingo. Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ile ATR 42 ya Precision Air iliyoingia ziwani ikiwa na watu 43, pua ndio ilizama na mkia ukabaki juu. Walipona 24, na wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Huwezi kujua siku yako itazama pua au mkia, kwa hiyo hesabu kote kuwili.

Mkanda nao. Unacheka, eti nani hajui kufungua mkanda wa ndege? Ukiwa umetulia unajua. Ukiwa umechanganyikiwa mkono unarudi kwenye gari, unatafuta kitufe cha kubonyeza ubavuni, na mkanda wa ndege hauna kitufe, una kibati cha kunyanyua hapo tumboni. Mi nafanya hivi: nikikaa tu nafunga, nafungua, nafunga, nafungua, mara tatu bila kuangalia. Jirani atakuona kituko, mwache. Na uukaze chini kwenye nyonga, sio juu ya tumbo.

Kama umepangiwa siti ya mlango wa dharura, ile ya kunyoosha miguu ambayo watu wanagombania, ujue umepewa kazi. Soma ile kadi. Manchester mwaka 1985, Boeing 737 ilipata moto wa injini ikiwa inaondoka, wakafa watu 55, wengi kwa moshi sio kwa moto. Abiria wa siti ya mlango wa bawa alivuta sehemu ya kuwekea mkono akidhani ndio mpini, na mlango ulipokuja kufunguka ukamwangukia mwenyewe, kwa sababu ule mlango haukuwa na bawaba kama wa nyumbani, unatoka mzima mzima na ni mzito. Kwa hiyo ujue mpini uko wapi, unavutwa au unasukumwa, na mlango ukishatoka unautupia wapi. Na kabla hujaugusa, chungulia nje kwanza. Ukiona moto upande huo, usifungue, unaukaribisha ndani. Kama hujiamini sema mapema uhamishwe, sio aibu.

Dakika chache za mwanzo ndege ikipaa na zile za mwisho ikishuka usilale, usivue viatu, toa hedifoni masikioni. Katikati huko juu lala ukoromee, ruksa.

Ukisikia jiandae kugongwa, inama, kichwa kiegemee siti ya mbele au magotini kama siti iko mbali, miguu ikanyage chini kabisa na irudi nyuma kidogo. Kuinama kunapunguza kichwa kupigwa na miguu kuvunjika. Aliyevunjika miguu hakimbii.

Sasa ndege imesimama. Hapa panataka ubishi na nafsi yako, maana kila kitu mwilini kinakwambia kimbia, na wakati mwingine jibu sahihi ni kukaa. Mhudumu anaangalia dirishani upande upi una moto, injini imezima au bado inazunguka, mlango upi mtelezo utafunguka vizuri. Haneda watu walikaa kwanza wakati moto wanauona dirishani, na mhudumu wa mlango mmoja wa nyuma alipokosa mawasiliano na marubani alikagua mwenyewe akaamua kufungua. Ukianza kujifungulia mlango wa kwako unaweza ukawashusha watu kwenye injini inayozunguka. Ila amri ikitoka, hamna tena habari ya kusubiri, na wahudumu hapo watakupigia kelele kama mgambo, watakusukuma, usianze eti mbona ananiongelesha hivi mimi mtu mzima. Huo ndo mafunzo yao, kelele zinamzindua mtu aliyeganda. Na watu wanaganda kweli, anakaa kimya kakodoa macho, mkanda umefungwa. Jirani yako akiwa hivyo mpige bega, mfungulie, msukume mbele yako.

Begi liache. Najua nimeshasema, ila hapa ndipo wenye akili zao wanapofeli. Watengenezaji wa ndege hawaruhusiwi kuuza mpaka waonyeshe watu wote wanatoka ndani ya sekunde 90 gizani, kwa nusu ya milango tu. A380 ile ya ghorofa, mwaka 2006, walitoa watu 873 kwa sekunde 78. Hesabu hiyo haina mtu anayesimama katikati ya njia anafungua kabati. Njia ya ndege ni ya mtu mmoja, ukisimama wewe wamesimama wote wa nyuma yako. Dubai mwaka 2016, Boeing 777 ya Emirates ilianguka uwanjani na watu 300, video ya ndani ipo, watu wanafungua makabati wanatafuta mabegi na leptop huku moshi umeingia. Walitoka wote, lakini dakika 9 hivi baada ya ndege kusimama tangi likalipuka, rubani na mhudumu mkuu ndio kwanza wanamalizia, na mzimamoto mmoja akafa. Halafu begi lenyewe kwenye mtelezo linakuwa silaha, lina magurudumu na kona, linampiga aliye chini au linachana mpira, na mpira ukichanika mlango huo umekufa kwa wote waliobaki.

Moshi ukiwepo inama, hewa nzuri iko chini, ziba pua na mdomo kwa kitambaa, kikiwa kimelowa maji ni bora zaidi. Inama lakini usitambae kwa magoti na mikono, watakukanyaga. Fuata taa za sakafuni.

Ukifika mlangoni usikae kitako ujipange kama mtoto kwenye bembea. Ruka, mikono imekunjwa kifuani, utue kwa makalio katikati ya mpira, miguu pamoja. Wengi wanafika hapo wanaona urefu wanasita, na kusita kwako ni foleni. Mwenye mtoto mchanga, usimbebe mgongoni hata kama ndivyo ulivyozoea, mshike kifuani, mkono mmoja umeshika kichwa. Ukigusa chini tu, inuka utoke hapo, anayefuata yupo juu yako.

Kwenye maji mambo ni mengine kidogo, na sisi wa huku tuna kisa chetu. Tarehe 23 Novemba 1996, Boeing 767 ya Ethiopian iliyotoka Addis kwenda Nairobi ilitekwa, watekaji wakalazimisha iende Australia, kapteni Leul Abate anawaambia mafuta hayatoshi hawasikii. Mafuta yakaisha, ikaangukia baharini Ngazidja, huko Komoro, karibu kabisa na ufukwe, watu kwenye hoteli wanaona. Ndani walikuwa 175, wakapona 50. Na baadhi ya waliokufa walikuwa wamefanya kitu kinachoonekana cha busara kabisa, walivaa majaketi okozi na kuyajaza upepo wakiwa bado ndani. Fikiria maji yanapanda ndani ya ndege, jaketi linakunyanyua, linakubana kwenye dari, mlango uko chini yako, unatakiwa upige mbizi na huwezi kuzama. Jaketi ni la kukuelesha, halijui kama uko ndani au nje.

Kwa hiyo: vaa jaketi, funga kamba zake kiunoni, kile kitanzi chekundu usikiguse. Unakivuta ukiwa umesimama mlangoni unatoka, sio kabla. Mtu wa pembeni akianza kuvuta mshike mkono kabisa, ugombane naye, bora ugomvi. Na ukijaribu jaketi lako kwa kupapasa chini ya siti mara moja kabla ya safari uone lipo, hamna atakayekukamata, ila usilitoe, kulichomoa au kuondoka nalo ni kosa na kuna jamaa wanaondoka nayo kweli, sijui wanavulia samaki.

Ukishatoka nenda mbali, upande ambao upepo unatokea ili moshi usikufuate, na mkae pamoja kikundi. Usisimame kupiga video, na uangalie magari ya zimamoto, yanakuja kasi na dereva haoni chini kwa ajili ya povu. San Francisco mwaka 2013 abiria mmoja aliyekuwa amelala chini akafunikwa na povu alikanyagwa na gari la zimamoto. Kama kuna majeruhi mvuteni, asiachwe peke yake kwenye majani. Hesabianeni, nani mlikaa naye, yuko wapi, na mkikosa mtu mwambieni mzimamoto alikuwa siti namba ngapi, msirudi ndani nyie.

Safari yangu ya mwisho nilikuwa 9C, siti saba mbele, nne nyuma. Jirani, baba mmoja mtu mzima, akaniuliza kijana unahesabu nini, nikamwambia. Akacheka. Tulivyokuwa tunashuka uwanjani nikamwona kidole chake kinagusa migongo ya siti taratibu, midomo inatikisika.