Namna ya kukusanya kumbukumbu za kiwanda cha krispi kilichofungwa

Kosa langu la kwanza lilikuwa swali lenyewe. Nilikaa na mzee mmoja aliyemaliza ujana wake kwenye kiwanda cha krispi, nikawasha simu, nikamwambia: "Mzee, naomba unieleze historia ya kiwanda." Akakohoa kidogo, akajiweka sawa kama mgeni rasmi, akanihutubia dakika kumi na mbili: kilifunguliwa, kilistawi, kikafungwa. Nikiisikiliza leo hotuba ile, naweza kudhani kilikuwa kiwanda cha misumari.

Kwa hiyo anza na mwili, historia itajileta yenyewe. Uliza alivaa nini miguuni sakafu ikiwa imeloa mafuta. Uliza waliitanaje mashine zikinguruma. Uliza nani nyumbani alikuwa wa kwanza kulalamika kwamba shuka zinanuka kiwanda. Mimi nimekulia nyuma ya ukuta wa kiwanda hicho, mama yangu alikuwa idara ya kupakia, na kitambaa chake cha kichwani kilinuka mafuta ya viazi hata baada ya kufuliwa. Lakini sikuwahi kumuuliza kama kazini alikuwa anakaa au anasimama. Alisimama. Hilo nimelijua kwa mwenzake, mama akiwa ameshafariki.

Nenda na kitu mkononi. Huyo mwenzake mama alinikatia tamaa mapema: "Nimesahau, mwanangu, ni zamani sana." Nilikuwa na mfuko mtupu wa karatasi begini, nikampa. Hakufikiri hata kidogo. Akaupuliza ukafunguka, akaupigapiga mezani kukalisha krispi ambazo hazikuwepo, akaukunja mdomo mara mbili, kidole gumba kikapita juu ya mkunjo kutoka kushoto kwenda kulia. Halafu akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. "Kidole hiki kilikuwa na sugu," akasema. Kutoka hapo alizungumza saa nzima: mizani iliyopunja, msimamizi aliyehesabu mifuko huku akigonga funguo zake, nyimbo za kufukuza usingizi, na jinsi walivyocheka siku mashine ya kwanza ya kufunga pakiti ilipowashwa ikatapika plastiki sakafuni. Kicheko kilidumu wiki chache. Mashine ilipotulia, nusu ya meza yao wakaambiwa wasirudi.

Sikumkatiza. Nao huo ni ufundi: mtu akinyamaza, hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla hujauliza jingine. Mara nyingi ukifika saba anaendelea.

Kabla hujaenda kwa mtu yeyote, ijue kazi yenyewe. Kiazi ni maji kwa karibu asilimia 80, ndiyo maana kilo moja ya krispi hutaka karibu kilo nne za viazi. Hukatwa vipande vyembamba, kama milimita moja na nusu, vikaoshwa wanga wa juu, vikaingia kwenye mafuta ya nyuzi 180 hivi kwa dakika zisizozidi tatu au nne, kisha vikanyunyiziwa chumvi papo hapo, mafuta ya juu yakiwa hayajakauka, ndipo chumvi ishike. Ukiyajua hayo unapata maswali ambayo mtu hakutarajia kuulizwa. Yale maji meupe ya wanga yalimwagwa wapi? Maganda alichukua nani? Chenga zilikuwa za nani, na kuna aliyefukuzwa kwa ajili ya chenga?

Ujuzi huo ulinifaa kwa mzee wa kikaango. Kilichomkaa rohoni ni krispi za kahawia. Kuna miezi, alisema, zilikuwa zikitoka zimekolea rangi na chungu, hata akipunguza moto, na msimamizi akamkata mshahara mara mbili kwa uzembe. Alinisimulia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama. Nikamuuliza viazi vya miezi hiyo vilitoka wapi. "Stoo ya baridi." Basi hapo ndipo palipokuwa na jibu. Kiazi kikikaa kwenye baridi kali, chini ya nyuzi 8 hivi, wanga wake huanza kugeuka sukari, na sukari hiyo ndiyo inayoleta ukahawia na uchungu kwenye mafuta ya moto. Wenye viwanda wanaojua kazi huvirudisha viazi hivyo kwenye joto la wastani kwa wiki kadhaa kabla ya kuvikaanga, sukari ipungue. Nilipomweleza alinyamaza, na safari hii nilihesabu hadi kumi nikaanza upya. "Kwa hiyo ni stoo," akasema. Akalirudia neno hilo mara tatu nne kabla hajaniruhusu niendelee.

Wapo watakaokwambia unaharibu ushahidi ukimweleza mtu kilichompata. Mimi namwacha kwanza amalize kwa maneno yake, rekodi ikienda, ndipo niseme ninachokijua. Kumnyima kabisa naona ni roho mbaya.

Tarehe usizigombee. Mjini Terni, Italia, mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, Luigi Trastulli, aliuawa tarehe 17 Machi 1949 polisi walipokabiliana na wafanyakazi waliotoka kuandamana kupinga nchi yao kujiunga na NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi. Miaka ilipopita, wengi katika mji huo wakawa wanasimulia kwamba aliuawa mwaka 1953, kwenye vurugu za watu kupunguzwa kazini. Hawakuwa waongo, kifo kile walikihamishia kwenye jeraha lililowauma zaidi. Kwangu mimi, watu watatu wamenipa miaka mitatu tofauti ya king'ora cha mwisho. Nimeiandika yote mitatu. Nilipochimba zaidi nikagundua kila mmoja anahesabu tangu siku alipotolewa yeye getini. Mwaka wenyewe utafute kwenye karatasi: kadi ya kazi, barua ya kiinua mgongo, picha yenye tarehe nyuma, pakiti yenye tarehe ya mwisho wa matumizi. Pakiti za zamani utazikuta mahali pa ajabu. Moja nimeikuta imekunjwa ikaziba ufa wa dirisha.

Hadithi za mwanzo ndizo za kupokea kwa tahadhari zaidi. Krispi zenyewe zina ngano yao, kwamba mpishi George Crum wa Saratoga Springs, Marekani, alizibuni mwaka 1853 kwa kumkomoa mteja msumbufu. Ilhali maelekezo ya kukaanga viazi vilivyokatwa vyembamba yalikuwa yameshachapishwa Uingereza mwaka 1817. Kiwanda chako nacho hakitakosa Crum wake. Mwandike, ila usimpe kichwa cha habari.

Kuwakusanya watu wengi pamoja kunafaa kwa majina ya utani na vicheko, basi. Habari za kuungua mafuta, za wizi, za wakubwa na wasichana wa zamu ya usiku, hazisemwi hadharani. Zisikilize faraghani, na kabla hujaondoka uliza waziwazi: hili nilitoe au libaki kwangu? Jibu lirekodi. Mtu akibadili mawazo baada ya mwezi, lifute bila kunung'unika.

Kuhusu kurekodi sina mengi. Simu ikalie kitambaa kilichokunjwa, ili meza ikigongwa isivume. Zima feni. Zima mtandao, kwani machozi yakianza tu ndipo watu hupiga simu. Weka nakala mbili, mahali pawili tofauti, siku hiyohiyo.

Na faili lipe jina kabla hujalala: mwaka, mwezi, siku, idara aliyofanyia kazi, na alama yako ya siri ikiwa hataki jina lake litajwe. Mimi nilianza na "mzee 1", "mzee 2", nikijiambia nitakumbuka. Sasa ninao wazee saba ambao sijui yupi ni yupi. Mmoja nimemtambua majuzi kwa saa yake ya ukutani, inayogonga mara kumi na tatu.