Unasafiri nje kutibiwa meno kwa nusukaputi? Uliza haya kabla ya kulipa

Swali la kwanza lisiwe bei. Uliza ni nani atakayekulaza usingizi, na kama atakaa nawe mwanzo hadi mwisho. Anayetibu meno asiwe ndiye huyo huyo anayesimamia usingizi wako. Uliza pia wana mpango gani ukihitaji kulazwa hospitali kwa dharura. Wakijibu kwa kuzungukazunguka, mimi ningetafuta kwingine.

Andika dawa zako zote, mitishamba ikiwemo, kwa jina la dawa yenyewe na si la kibiashara, maana jina la kibiashara hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Dawa za kuzuia damu kuganda au za kisukari usiziache kwa uamuzi wako. Daktari ndiye aseme. Waulize na ndugu: kuna aliyewahi kupata shida kubwa akiwa usingizini? Ipo hali adimu ya kurithi ambapo baadhi ya dawa za nusukaputi hupandisha joto la mwili kwa kasi ya kutisha. Timu ikijua mapema, hutumia dawa nyingine.

Kwa kawaida chakula huachwa muda wa saa 6 kabla ya kulazwa usingizi, na maji matupu muda wa saa 2 kabla, ili kilichomo tumboni kisiingie mapafuni. Maziwa huhesabiwa kama chakula. Kliniki ikikupa masharti makali zaidi, fuata yao.

Nenda na mtu mzima wa kukaa nawe saa 24 za mwanzo, na tiketi ya kurudi usiikate kabla daktari hajakuambia lini unaweza kupanda ndege.