Kuomba na Kusailiwa kwa Ufadhili wa Shahada za Kiufundi Unaoambatana na Kazi: Mwongozo kwa Waombaji wa Kigoma

Kijana wa Kigoma akisikia habari za ufadhili wa ko-opu huenda akafikiria vyama vya ushirika vya kahawa, au Chuo Kikuu cha Ushirika kilichoko Moshi, ilhali jambo lenyewe ni jingine kabisa. Huu ni utaratibu ambao mwanafunzi wa uhandisi, kompyuta au fani nyingine ya kiufundi hupokezana muhula wa darasani na muhula wa kazini, na pale penye ufadhili, kampuni hubeba sehemu ya gharama za masomo au humpa posho. Herman Schneider aliuanzisha katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, mwaka 1906, akiwa na wanafunzi 27. Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada kilianza nao mwaka 1957, na hadi leo ndio uliokijengea jina. Kwa kuwa mfadhili atakupokea kazini kabla hujahitimu, hatafuti mwenye alama nzuri peke yake, bali mtu anayeweza kukabidhiwa kazi, na kila hatua ya maombi inapaswa kumthibitishia hilo.

Kabla hujajaza chochote, soma masharti ya anayestahili kuomba, tena usome hadi mstari wa mwisho. Mpango wa ko-opu wa Chuo Kikuu cha New South Wales kilichoko Sydney, kwa mfano, una sifa kubwa, lakini umewekwa kwa ajili ya wanafunzi wa nyumbani kwao, kwa hiyo mwombaji wa Ujiji atakayekesha akiuandikia insha atakuwa amekesha bure. Hapa nyumbani, aliyefaulu vizuri sana masomo ya sayansi kidato cha sita asiache kuufuatilia Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023. Si ko-opu, lakini unalipia shahada zilezile za uhandisi ambazo mafunzo ya vitendo viwandani ni sehemu yake.

Nyaraka huangusha watu wengi kuliko usaili, ingawa ni kazi isiyohitaji akili nyingi. Weka cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho cha taifa mezani, kimoja kando ya kingine, kisha linganisha majina herufi kwa herufi. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Ramadhan na cha NECTA kinasema Ramadhani, au jina la babu limo huku na halimo kule, mwone wakili mapema akuelekeze hati ya kiapo inayofaa. Jambo la pili ni la steshenari. Wengi wetu hujaziwa fomu na kijana wa steshenari pale Mwanga, naye kwa wema wake humfungulia mwombaji anwani ya barua pepe kwa namba yake mwenyewe ya simu na nywila anayoijua yeye. Miezi miwili baadaye mwaliko wa usaili unaingia katika kisanduku ambacho mwenyewe hawezi kukifungua. Fungua anwani yako kwa namba yako, andika nywila kwenye daftari linalobaki nyumbani, na wasilisha maombi siku kadhaa kabla ya mwisho, maana umeme haukatiki kwa kuangalia ratiba ya mfadhili.

Sasa insha, ambayo ndiyo kiini cha maombi. Sentensi ya "tangu utotoni nimekuwa nikiipenda sana teknolojia" imeandikwa na kila mtu, na msomaji wa maombi huiruka bila hata kujua kwamba ameiruka. Badala yake, chagua kitu kimoja ulichowahi kukitengeneza, kukipima au kukichunguza, ukieleze kwa vipimo. Chukua mfano wa kijana wa Kibirizi ambaye mjomba wake huvua dagaa usiku kwa taa za betri, na analalamika kwamba kila betri anayonunua inakufa baada ya miezi michache. Kijana anaazima maltimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, anasoma maandishi ya betri na kukuta ni volti 12 na ampea-saa 70, yaani wati-saa 840 hivi. Taa ni nne, kila moja wati 20, nazo huwaka saa nane, kwa hiyo kila usiku zinatumia wati-saa 640, ambazo ni zaidi ya robo tatu ya betri nzima. Betri ya risasi na asidi inayoshushwa chini ya nusu kila siku huchakaa upesi, na hapo ndipo ulipo ugonjwa wenyewe, wala si ubovu wa duka. Akifunga betri mbili zinazofanana kwa sambamba, kila usiku utatumia chini ya asilimia 40 ya akiba yote. Aya moja ya namna hiyo, pamoja na kukiri kwamba mjomba alikataa kwanza kwa sababu ya bei ya betri ya pili, inamwonyesha mfadhili mtu anayepima kabla ya kulaumu na anayejua kwamba suluhisho lina gharama.

Kuhusu wadhamini, yaani watu watakaokushuhudia kwa mfadhili, mwombe mwalimu aliyekuona maabara au karakana, hata kama cheo chake ni kidogo, kuliko kiongozi anayemfahamu baba yako tu. Mpe wiki tatu, na umwachie karatasi yenye mambo mawili au matatu anayoweza kuyashuhudia.

Ukiitwa kwenye usaili, hakikisha kwanza saa. Mwaliko ukisema 10:00, hiyo ni saa nne asubuhi na siyo saa kumi, na kama ni usaili wa video na jopo liko Toronto mwezi wa Desemba, saa nne yao ni saa kumi na mbili jioni Kigoma. Tafuta chumba tulivu, jaribu mtandao siku iliyotangulia saa ileile, weka bando katika simu ya pili, na waarifu wenye nyumba ili redio isifunguliwe katikati ya jibu lako.

Maswali mengi yatakutaka usimulie jambo lililotokea: ulipokosea, ulipofanya kazi na mtu mgumu, ulipokwama. Eleza hali ilivyokuwa, wajibu wako ulikuwa upi, ulifanya nini, na ikawaje. Usikae muda mrefu kwenye hali, kwa sababu jopo linasubiri kitendo. Hapa malezi yetu hutuponza kidogo. Tumefundishwa kutojikweza mbele ya wakubwa, kwa hiyo mtu hujibu "tulipima, tulifunga, tulirekebisha" mpaka jopo lisijue yeye alifanya nini. Mimi mwenyewe niliwahi kukosa nafasi kwa namna hiyo: nilieleza mradi mzima kwa "tulifanya", na nilipoulizwa sehemu yangu nikaanza kuwasifu wenzangu. Kusema "nyaya nilifunga mimi, hesabu alifanya mwenzangu" si majivuno; ni taarifa.

Msailiwa wa kiufundi hupewa pia swali asilolijua, makusudi, ili waone anavyofikiri. Zoezi zuri liko bandarini kwetu. Meli ya Liemba ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Jiulize kwa sauti: kwa nini mitambo haikuharibika kabisa? Anza na unachokijua, kwamba kutu huhitaji maji na oksijeni kukutana na chuma. Kisha fikiria ni nini kingeweza kuvizuia visikutane. Wahandisi walikuwa wameipaka mitambo grisi nzito kabla ya kuizamisha. Fanya zoezi hilo kwa Kiswahili kwanza, fikra zikishanyooka ulirudie kwa Kiingereza, kwa sababu anayetafuta neno na hoja kwa wakati mmoja hukosa vyote viwili. Na usipojua, sema hujui, kisha sema ungeanzia wapi kutafuta.

Mwishoni utaulizwa kama una swali. Uliza muhula wa kwanza wa kazi utakuwa kituo gani, na nani atakusimamia. Ukipewa nafasi, soma mkataba pamoja na mzazi au mlezi, hasa kifungu cha miaka utakayotakiwa kumtumikia mfadhili baada ya kuhitimu na kiasi utakachodaiwa ukiondoka mapema. Anayekudai fedha ili usailiwe ni tapeli, hata akitumia nembo ya kampuni kubwa. Ulizia pia nauli ya kutoka Kigoma hadi kituo hicho cha kwanza italipwa na nani, na lini, kwa sababu posho ikilipwa mwisho wa mwezi, chakula na pango la wiki nne za mwanzo vitatoka mfukoni mwa nyumbani.